Hatua Nyingi Mbele ya Mstari: Kisa cha Kipa Ayumi Kaihori

Dakika ya 16. Fainali ya Kombe la Dunia la Wanawake 2015, uwanja wa BC Place mjini Vancouver, na Marekani tayari inaongoza 3-0 dhidi ya Japani. Carli Lloyd anaupata mpira akiwa upande wake wa uwanja, anampita mtu mmoja kwa mguso, anainua kichwa. Hata mstari wa kati hajauacha nyuma. Anapiga.

Ukiutafuta mkanda huo, achana na mpira. Mtazame kipa. Ayumi Kaihori yuko mbali na lango lake, mahali ambapo angekuwa kama pasi ndefu ingepigwa nyuma ya mabeki wake. Mpira unapopaa anaanza kurudi kinyumenyume, macho juu, mikono hewani. Hatua zake zinafupika. Mgongo unaanza kulala kabla miguu haijafika. Anaanguka mkono mmoja ukiwa umenyooka, vidole vinaugusa mpira kidogo, mpira unagonga nguzo na kuingia. 4-0, na mechi haijafika hata robo.

Uwanjani walikuwemo watazamaji 53,341. Ulimwengu mzima ukamsifu Lloyd, na ni haki yake: magoli matatu ndani ya dakika 16, wa kwanza kufanya hivyo katika fainali ya Kombe la Dunia la wanawake. Kwa Kaihori mambo yalikuwa tofauti. Hadi leo, ukimtaja mtandaoni, hiyo ndiyo picha inayokuja: kipa anayejikwaa akikimbilia goli lake mwenyewe.

Mimi nimeutazama mkanda huo mara nyingi kuliko inavyopaswa, na kila mara narudi kwenye swali lilelile. Alifika vipi pale? Sisemi pale chini, kwenye nyasi za bandia, mpira ukiwa wavuni. Nasema pale mbele, hatua zote zile nje ya mstari, kabla Lloyd hajapiga. Jibu lake halikuanzia Vancouver. Linaanzia Ujerumani, miaka minne nyuma, na lina watu wengi ndani yake kuliko kipa mmoja.

Timu fupi, mstari wa juu

Japani ya kocha Norio Sasaki ilikuwa timu ya watu wafupi. Hilo halikuwa siri, na Sasaki hakujaribu kulificha. Ukikutana na Wamarekani, Wajerumani au Waswidi ukasubiri ndani ya kumi na nane yako, yaani eneo la penalti mbele ya lango, watakupigia krosi mpaka mmoja wao apate kichwa. Kwa hiyo dawa yake ilikuwa kutosubiri. Timu ilibana pamoja, pasi fupi chini, mpira ukipotea watu wawili watatu wanamvamia aliyeupata, na mabeki wanasogea juu ili uwanja upungue kwa mpinzani. Nadeshiko, jina la timu hiyo lililotokana na ua la porini na pia na taswira ya kale ya mwanamke wa Kijapani, walisifiwa dunia nzima kwa uchezaji huo.

Lakini mabeki wakisogea juu, nyuma yao kunabaki shamba tupu. Nani analilinda? Ni kipa. Kipa wa timu ya namna hiyo hawezi kuning'inia kwenye mstari kama nguo kwenye kamba. Lazima atokee, asimame karibu na ukingo wa kumi na nane, asome pasi kabla haijapigwa, na mara nyingine aondoe mpira kwa mguu kama beki wa tano. Ukimpa kazi hiyo unampa na hatari yake: nyuma ya kipa aliyetokea kuna lango la mita 7.32 kwa 2.44 lisilo na mtu.

Kazi hiyo alipewa Kaihori. Alizaliwa mkoani Kyoto tarehe 4 Septemba 1986, akachezea Speranza ya Takatsuki, kisha mwaka 2008 akaenda INAC Kobe. Klabu hiyo ilikuwa katika hali ya pekee. Wachezaji wengi wa ligi ya wanawake Japani wakati huo walikuwa na kazi za mchana, wanafika mazoezini jioni wakiwa wamechoka. INAC iliwapa wake nafasi ya kuishi kwa mpira. Kikosi kilichokwenda Ujerumani mwaka 2011 kilikuwa na wachezaji saba kutoka INAC. Kaihori alikuwa na sentimita 170, ambazo kwa kipa wa kimataifa si urefu wa kujivunia, lakini alikuwa mwepesi, mwenye miguu ya haraka, na hakuogopa kutoka.

Augsburg, 5 Julai 2011

Watu wanaosimulia ushindi wa Japani kwenye Kombe la Dunia la 2011 huiruka mechi hii. Mimi naona ndiyo mechi yenyewe.

Japani ilikuwa imeifunga New Zealand 2-1 na Mexico 4-0, Homare Sawa akipiga matatu katika hiyo ya pili. Ikabaki England. Dakika ya 15 ukapigwa mpira mrefu nyuma ya mabeki. Ellen White akaufikia nje ya kumi na nane, akatazama mara moja tu, akaunyanyua juu ya kichwa cha Kaihori aliyekuwa ametokea. Mpira ukashuka wavuni. Rachel Yankey akaingia baadaye akafunga la pili, 2-0, kwa namna ileile ya kumpitisha kipa juu.

Weka goli la White na goli la Lloyd kando kwa kando. Umbali ni tofauti, uzito wa mechi ni tofauti, lakini umbo ni moja: kipa yuko mbele, mshambuliaji ameinua kichwa, mpira unapita juu. Mtu aliyeshangaa Vancouver hakuwa ameitazama Augsburg.

Matokeo yake hayakuwa madogo. Japani ikashuka nafasi ya pili kwenye kundi, na zawadi ya nafasi ya pili ilikuwa Ujerumani: mwenyeji, bingwa wa 2003 na 2007, mbele ya mashabiki wake Wolfsburg. Sasaki alikuwa na siku nne. Na benchini alikuwa na makipa wawili ambao, kwa wasifu, walimzidi Kaihori kwa mbali.

Mmoja alikuwa Nozomi Yamago, miaka 36, mwenye jezi namba 1. Huyu alidaka Kombe la Dunia la 1999, enzi Japani inapigwa tano na Urusi na nne na Norway. Alidaka tena 2003, akadaka Olimpiki ya Athens 2004. Mwingine alikuwa Miho Fukumoto, namba 12, kipa wa Kombe la Dunia 2007 na wa Olimpiki ya Beijing 2008, ambako Japani ilimaliza ya nne. Fukumoto alichezea Okayama Yunogo Belle, klabu ya mji mdogo wa chemchemi za maji moto, pamoja na kiungo Aya Miyama. Kaihori, mwenye namba 21 mgongoni, alikuwa mdogo wao wote, miaka 24.

Kocha gani asingesita? Kipa wako kijana amepitishiwa mpira juu mara mbili, na unakwenda kucheza na Ujerumani kwao. Wengi wangempa Fukumoto glavu, wakasema tunahitaji uzoefu, na hakuna ambaye angewalaumu.

Sasaki alimwacha Kaihori langoni, na mstari wa mabeki akauacha palepale juu. Hili ndilo ninaloliona kuwa uamuzi mkubwa kuliko yote ya mashindano yale, kuliko hata ule wa kumwingiza Karina Maruyama aliyekuja kufunga dakika ya 108. Kumbadilisha kipa kungekuwa sawa na kuwaambia mabeki: rudini nyuma, tumeogopa. Badala yake Japani ikacheza dakika 120 dhidi ya Ujerumani bila kufungwa. 1-0.

Maruyama, kwa wasiojua, aliwahi kuwa mfanyakazi wa kampuni ya umeme iliyoendesha mitambo ya nyuklia ya Fukushima. Tetemeko na tsunami ya 11 Machi vilikuwa na miezi minne tu, na Sasaki alikuwa amewaonyesha wachezaji picha za maafa hayo kabla ya kuingia uwanjani. Hilo linahitaji makala yake.

Frankfurt, matuta

Nusu fainali Uswidi ilitangulia, ikapigwa 3-1. Fainali ikawa dhidi ya Marekani, tarehe 17 Julai, Frankfurt, mbele ya watu 48,817. Japani ilikuwa imecheza na Marekani mara 25. Ilikuwa imefungwa 22, sare tatu, haijashinda hata moja.

Kipindi cha kwanza kilikuwa mateso. Abby Wambach aligonga mtambaa panya. Baada ya mapumziko Alex Morgan akagonga nguzo, na dakika ya 69 akafunga. Miyama akasawazisha dakika ya 81. Muda wa nyongeza, Wambach kwa kichwa, dakika ya 104, goli la aina ileile ambayo Sasaki alijenga timu nzima ili kuikwepa. Dakika ya 117 Sawa akaunyoosha mguu kwenye kona ya Miyama na kusawazisha tena. Sekunde za mwisho Azusa Iwashimizu akamwangusha Morgan nje kidogo ya kumi na nane, akala nyekundu. 2-2. Matuta, yaani penalti za kuamua mshindi.

Kuna picha ya kabla ya matuta ambayo Wajapani hawaisahau: duara la wachezaji, na Sasaki katikati akicheka. Si tabasamu la kujikaza. Anacheka kama mtu aliyekwisha kulipwa mshahara wake. Ng'ambo ya pili Wamarekani wamesimama kimya. Timu iliyotoka nyuma mara mbili na timu iliyoponyokwa na kombe mara mbili haziendi kwenye matuta na moyo mmoja.

Lakini mimi nataka tumtazame mpigaji wa kwanza, Shannon Boxx. Siku saba kabla, Dresden, Marekani ilitolewa jasho na Brazil na kupita kwa matuta. Boxx alipiga la kwanza siku hiyo pia, na kipa Andréia akalipangua. Mwamuzi akaamuru lirudiwe kwa sababu kipa alikuwa ameuacha mstari mapema. Boxx akarudia, akafunga, na Wamarekani wakafunga yote matano. Sasa Frankfurt amesimama tena pale pale, wa kwanza tena, na kumbukumbu ya tuta lililopanguliwa ikiwa na wiki moja tu.

Kaihori akajitupa, na mpira ukakutana na mguu wake. Si mikono. Mguu, uliobaki hewani wakati mwili umekwisha kuelekea chini. Ukiwauliza watu, wengine watakuambia ni bahati. Kuna bahati, sikatai. Ila kipa mwenye miguu mizito, mguu wake ungekuwa umeshafika chini wakati ule.

Miyama akafunga. Lloyd akaupaisha juu ya lango. Yuki Nagasato akapanguliwa na Hope Solo, kipa wa Marekani. Tobin Heath akapiga, na safari hii Kaihori akaufikia kwa mikono. Mizuho Sakaguchi akapiga, Solo akaugusa lakini ukapita. Wambach akafunga, la pekee kwa Marekani. Halafu akaja Saki Kumagai, beki wa miaka 20, akaupiga juu kwenye pembe mahali ambapo Solo hakuwa na lake. 3-1.

Shika majina mawili hapo: Lloyd aliyepaisha na Heath aliyepanguliwa. Tutakutana nao.

Usiku huo Japani ikawa nchi ya kwanza ya Asia kutwaa Kombe la Dunia la watu wazima, wanaume kwa wanawake. Tuzo ya kipa bora wa mashindano hata hivyo ilikwenda kwa Solo. Pengine ilistahili, kwa mashindano yote kwa jumla, lakini inachekesha kidogo: kipa aliyeshinda matuta anarudi nyumbani na kombe, aliyeshindwa anarudi na glavu ya dhahabu.

Mwaka mmoja baadaye, benchi

Hapa ndipo kisa kinapokataa kuwa hadithi ya shujaa. Ungetegemea kwamba kipa aliyewapangua Wamarekani wawili atakuwa na namba ya kudumu. Olimpiki ya London 2012 inafika fainali, Wembley, watu 80,203, Marekani na Japani tena. Langoni yuko Fukumoto. Kaihori anasugua benchi.

Sasaki hakuwa mtu wa kulipa deni kwa hisani. Alitazama nani yuko tayari mwaka huo. Na Fukumoto alilipa: Japani iliitoa Brazil 2-0, ikaitoa Ufaransa 2-1 katika nusu fainali ambayo nusu saa ya mwisho ilikuwa kama mvua ya mawe kwenye bati lake. Fainali Lloyd alifunga mawili, Japani ikapata moja, 2-1, medali ya fedha.

Nawaza jinsi mazoezi yalivyokuwa kwa hao wawili. Mwaka 2011 mmoja anadaka, mwingine anampigia mipira ya kupasha misuli kabla ya mechi. Mwaka 2012 wanabadilishana. Nafasi ya kipa ni moja. Winga akikosa namba anaweza kuingizwa dakika ya 60 akabadili mchezo. Kipa wa akiba anaweza kumaliza mashindano mazima bila kugusa mpira wa mechi, kama Yamago alivyomaliza ya 2011 akiwa amekaa na jezi namba 1 mgongoni. Makocha wa makipa wanalijua hili kuliko sisi watazamaji: nusu ya kazi yao ni kumtunza asiyecheza.

Kanada, na kosa lililosahaulika

Kwenye Kombe la Dunia 2015 Sasaki alifanya jambo lisilo la kawaida. Mechi tatu za kundi, makipa watatu tofauti. Uswisi alidaka Erina Yamane, mwenye sentimita 187, mrefu kuliko mchezaji yeyote Nadeshiko waliyewahi kuwa naye. Cameroon alidaka Kaihori. Ecuador alidaka Fukumoto. Japani ilishinda zote kwa tofauti ya goli moja moja.

Wengine walimsifu kwamba amewapa wote nafasi. Mimi nina shaka. Beki anahitaji kujua kipa wake atatoka au atabaki. Hilo halijulikani kwa maneno, linajulikana kwa mechi nyingi mfululizo. Ukibadilisha kipa kila mechi, sauti ya nyuma inabadilika kila mechi. Iwapo mpango wako mzima unategemea kipa anayecheza mbele, basi uelewano huo ni mali, na Sasaki aliuchezea.

Hatua ya mtoano alimrudia Kaihori. Uwepesi, miguu, kutokea: bado yeye ndiye aliyefaa zaidi uchezaji ule. Mechi ya kwanza, Uholanzi, Japani inaongoza 2-0, dakika za majeruhi. Kirsten van de Ven akapiga kichwa kisicho na nguvu kubwa, mpira ukaja mikononi mwa Kaihori, ukateleza, ukaanguka nyuma yake wavuni. 2-1.

Hili ndilo kosa halisi la Kaihori katika Kombe la Dunia lile. Hakuna mstari wa mabeki wa kulaumu, hakuna mshambuliaji wa kusifu. Mpira wa kudaka haukudakwa. Na nani analikumbuka? Japani ilipita, ikaifunga Australia 1-0, ikaifunga England 2-1 kwa goli la kujifunga la dakika za majeruhi, na kosa likafunikwa na matokeo. Haki ya mpira wa miguu ndivyo ilivyo: goli la Van de Ven limesahaulika kwa sababu tulipata la kushangilia, goli la Lloyd halisahauliki kwa sababu hatukupata.

Sasa Vancouver, polepole

Turudi kwenye ile dakika, maana bila dakika 15 zilizoitangulia haieleweki.

Dakika ya tatu Megan Rapinoe alipiga kona ya chini, ikitambaa. Watu wa Japani walikuwa wamejipanga kwa mipira ya juu, kama ilivyo kawaida ya timu fupi inayokutana na timu ndefu. Lloyd akaja mbio kutoka nje ya boksi, akaupiga bila kuusimamisha. Dakika ya tano mpira wa adhabu, tena wa chini, Julie Johnston akaupisha kwa kisigino, Lloyd tena. Dakika ya 14 Iwashimizu, yule wa kadi nyekundu ya Frankfurt, alijaribu kuondoa kwa kichwa, mpira ukapaa juu mahali pabaya, Lauren Holiday akaupiga kabla haujatua. Tatu.

Katika matatu hayo Kaihori hana kubwa la kujibu. Wapigaji wote walikuwa karibu, na wote walikuwa peke yao.

Sasa jiweke katika nafasi yake. Timu yako imefungwa tatu, inataka kurudi mchezoni, mabeki wanasukuma juu. Mpira uko nusu ya wapinzani. Mbele yako yuko Alex Morgan, mwenye kasi ya kuwaacha mabeki wako wote iwapo pasi itapita. Kazi yako, ile uliyofundishwa na kuaminiwa nayo tangu 2011, ni kutoka. Ukibaki kwenye mstari na Lloyd akapiga pasi ya Morgan, mtu anakuja peke yake na kila mtu atauliza: kipa alikuwa anasubiri nini?

Kwa hiyo kosa si kutoka. Kama kuna kosa, ni mawili madogo yaliyofuatana, na hapo ndipo ningependa kocha wa makipa asimamishe mkanda.

La kwanza ni kusoma. Lloyd alipompita yule mtu na kuinua kichwa hakuwa na wa kumbana. Mchezaji huru aliyeinua kichwa na mguu wa kulia ulio tayari ana mambo mawili ya kufanya, pasi au shuti, na wakati huo kipa huanza kurudi hatua mbili tatu huku bado ameelekea mbele. Kaihori alichelewa kuanza. Ni nusu sekunde, labda chini ya hapo, lakini kutoka katikati ya uwanja mpira haukai hewani hata sekunde nne.

La pili ni miguu. Mpira ukipita juu yako, kurudi kinyumenyume ni njia ya polepole na ya kuanguka. Makipa hufundishwa kugeuza nyonga, kupishanisha miguu, kukimbia ubavu huku shingo ikibaki imegeukia mpira. Kaihori alirudi kinyumenyume karibu njia yote. Paa la uwanja lilikuwa wazi na jua limepiga nusu ya uwanja. Wapo waliosema lilimwingia machoni. Huenda. Hata hivyo vidole vilifika. Kwa mwendo ule mbaya bado aliugusa mpira, ukagonga nguzo kabla ya kuingia. Angegeuka mapema kwa hatua moja tungekuwa tunasimulia uokoaji.

Wa tatu katika hesabu hii ni aliyemwacha Lloyd ainue kichwa. Uchezaji wa kubana una sharti moja: anayepata mpira asipewe muda. Likivunjwa sharti hilo, mstari wa juu na kipa aliyetokea vinageuka zawadi. Marekani ya kocha Jill Ellis ilikuwa imelisoma hilo vizuri, kama ilivyosoma kwamba kona za chini hazina mlinzi.

Dakika ya 33 Sasaki akamtoa Iwashimizu, akamwingiza Sawa. Beki analia kwenye benchi kabla ya mapumziko. Sidhani kama nimewahi kuona fainali yenye picha ngumu kuliko hiyo. Kaihori akabaki. Kipa hatolewi, labda aumie. Alikaa pale dakika 74 zaidi, uwanja mzima ukisubiri mpira mwingine upae. Dakika ya 27 Japani ilikuwa imepata la Yuki Ogimi, ambaye ndiye yuleyule Nagasato aliyepanguliwa na Solo mwaka 2011, kisha Johnston akajifunga, 4-2. Dakika mbili baadaye Tobin Heath akaweka la tano. Heath wa Frankfurt, na Lloyd wa Frankfurt. Walikuwa wamekuja kudai.

Baada

Msimu wa 2015 ulikuwa wa mwisho kwa Kaihori. Mwezi Desemba INAC Kobe ilitwaa Kombe la Malkia kwa kuifunga Albirex Niigata 1-0, kwa kichwa cha Sawa katika mechi yake ya mwisho. Japani nzima ilikuwa inamuaga Sawa. Kaihori naye aliondoka wakati huohuo, akiwa na miaka 29, umri ambao makipa wengi ndiyo kwanza wanakolea, na kuondoka kwake kukapita kimya.

Mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi 2016 Nadeshiko walicheza Osaka kutafuta tiketi ya Olimpiki ya Rio. Nafasi zilikuwa mbili kwa Asia yote. Wakafungwa na Australia 3-1, na mechi ya pili, dhidi ya Korea Kusini, ikawa ya kufa na kupona. Langoni alikuwa Fukumoto. Kipindi cha pili Ji So-yun akapata penalti, mchezaji bora wa Korea, aliyewahi kuvaa jezi ya INAC pamoja na Kaihori. Fukumoto akaipangua. Uwanja ukaamka. Mana Iwabuchi akafunga kwa kichwa, 1-0, zimebaki dakika chache.

Kisha ikaja krosi. Fukumoto akatoka kuifuata, hakuipata sawasawa, na Jung Seol-bin akaingiza mpira kwenye lango lililobaki tupu. 1-1. Siku mbili baadaye China ikashinda 2-1, na Japani haikwenda Rio.